Mdogo wangu alipasuliwa kichwa sababu ya kifafa, kuanguka kumeisha ila kumbukumbu imeondoka. Ni upasuaji, dawa au nini?

#1 DadaWaMwanjelwa

Wakuu habari za jioni. Nimekaa na hili jambo miezi sasa, leo naliweka hapa maana ndani ya nyumba limeshaleta maneno.

Mdogo wangu ana miaka 29, fundi cherehani hapa Mwanjelwa. Ameanza kuanguka akiwa na miaka 11. Dawa tumepita karibu zote, fenobabitoni, kabamazepini, valproeti, mwisho levetirasetamu, lakini wiki ikiwa nzuri anaanguka mara 2, ikiwa mbaya mara 4 au 5. Mkono wa kulia ana kovu la moto toka kiwiko mpaka kiganja, aliangukia jiko la mkaa na waliokuwepo waliogopa kumgusa eti lile povu linaambukiza. Basi familia tukachanga, baba mkubwa akauza ng'ombe wawili kule Rungwe, tukampeleka India akapasuliwa upande wa kushoto, ile sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio. Huu ni mwezi wa 14 hajaanguka hata mara moja.

Sasa shida. Jumanne nilikuwa naye kibandani, uzi wa chini ukaisha, akaniambia "dada nipe kile... kile kidogo cha chuma kinachokaa huko chini". Bobini. Huyu mtu ameshika cherehani toka ana miaka 15, jina la bobini limempotea! Nikampa, akaipachika bila hata kuangalia, mguu ukaendelea kukanyaga. Mikono haijasahau kitu, kola anaikata safi kuliko zamani. Ila mama aliyeleta kitenge asubuhi, saa 9 akirudi anamuuliza "nikusaidie nini mama". Harusi yangu 2019 suti za wasimamizi alishona yeye, nilimuonesha picha akaniuliza "hii nilishona mimi?"

Je ni kile walichokata? Ni dawa bado anameza? Au ni hiyo miaka ya kuanguka? Mama ameanza kusema tumemponya mguu tukamkata mkono. Kama kuna mtu amepitia naomba aseme.

#2 BajajiKabwe

Pole sana dada. Mimi ndo maana huwa nasema ubongo usiguswe. Kuna mzungu alipasuliwa kichwa kwa ajili ya kifafa hicho hicho mwaka 1963, alivyoamka amesahau kila kitu mpaka jina lake mwenyewe, mpaka amekufa hajawahi kukumbuka. Nilisikia redioni.

#3 MwalimuMufindi

BajajiKabwe hapo umechanganya mambo, ngoja niweke sawa maana dada atalala na hofu bure.

Huyo mtu ni Henry Molaison, Mmarekani, na ilikuwa 1953 sio 1963. Alikuwa na miaka 27. Daktari William Scoville alimtoa sehemu ya ndani ya ubongo PANDE ZOTE MBILI, kushoto na kulia, wakati huo hakuna aliyejua ile sehemu kazi yake ni nini hasa. Na jina lake hakusahau, utoto wake alikuwa anaukumbuka, wazazi wake anawajua. Kilichokufa ni uwezo wa kuweka kitu kipya, unaongea naye, unatoka nje dakika chache, ukirudi anakusalimia kama hamjawahi kuonana. Ameishi hivyo mpaka 2008, akafariki na miaka 82.

Halafu kuna kitu kwenye habari yake ambacho ndicho nimekiona kwa huyu fundi. Mtaalamu mmoja mama, Brenda Milner, alimpa achore nyota akiangalia mkono wake kwenye kioo, kazi ngumu, jaribu uone. Siku ya kwanza akakosea sana, ya pili nafuu, ya tatu anachora vizuri kabisa, na kila siku anasema hajawahi kuifanya hiyo kazi. Yaani mikono ilikuwa inajifunza na mwenyewe hana habari. Hapo ndo wakajua kumbukumbu sio ghala moja. Kumbukumbu ya bobini inakaaje mkononi ipo kwake, kumbukumbu ya inaitwaje ndo ina shida.

Baada ya Henry madaktari hawatoi pande zote mbili. Kwa hiyo dada mdogo wako hawezi kulinganishwa na yule.

#4 DadaWaMwanjelwa

Ahsante sana mwalimu. Hiyo ya nyota nimeisoma mara tatu.

#5 MzeeWaMakambako

Kamwene. Mimi nina umri, nitasema mnachoogopa kusema. Kijana fundi mzuri, wateja wanamiminika, ghafla akili inafungwa. Hapo angalieni jirani zake wa biashara. Hospitali imemaliza ya kwake, hii nyingine ni ya nyumbani.

#6 NesiNjombe

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote hapo nakukatalia. Hayo maneno ndo yanafanya mtoto akianguka Njombe huku anakaa miaka 5 kwa waganga akija kwetu ana makovu ya moto na chale mwili mzima.

Dada swali lako linajibika kiasi. Upande wa kushoto kwa watu wengi ndo unashika lugha, na ile sehemu ya ndani inaitwa hipokampasi, wameipa jina la yule samaki mwenye umbo kama farasi sababu imejikunja vile vile. Ya kushoto inashughulika zaidi na maneno, majina, kilichosemwa, orodha ya vitu. Wanaokatwa kushoto kama 4 kati ya 10 kumbukumbu ya maneno inashuka, wanaokatwa kulia kama 2 kati ya 10. Kwa hiyo "kile kidogo cha chuma" inaingia kabisa hapo.

Ila naomba nikuulize. Kabla ya upasuaji walimkalisha na mtu wa kupima kumbukumbu? Wanasoma maneno, unarudia, baadaye wanakuuliza tena. Kama karatasi zipo zitafute. Mtu ambaye kabla alikuwa na kumbukumbu NZURI ndo anapoteza zaidi, maana kile kilichotolewa kilikuwa bado kinafanya kazi. Ambaye upande huo ulishakuwa kovu tupu anapoteza kidogo tu au hapotezi.

#7 UpepoWaRuaha

Mimi nina kifafa, sijapasuliwa, niko Iringa mjini. Naomba mnisome vizuri maana mnakimbilia kisu tu.

Kumbukumbu yangu mbovu na hakuna aliyenifungua kichwa. Nikianguka usiku, asubuhi ile siku yote haipo, mtu ananiambia jana tuliongea hiki namwangalia tu. Miaka 12 ya hivyo. Nimefundishwa kliniki kwamba mishituko yenyewe kama inaanzia hapo hapo kwenye hipokampasi inaila kidogo kidogo, na ile ya usiku inaharibu usingizi ambao ndo ubongo unapangia ya mchana. Sasa fundi ameanguka miaka 17. Nani alikuwa anampima kumbukumbu yake ya zamani? Kipindi kile akisahau mlikuwa mnasema kaamka na kifafa, muacheni. Leo haanguki basi kila akisahau mnashituka. Inawezekana mlikuwa hamuoni.

Harusi ya 2019, wiki ile alianguka mara ngapi?

#8 DadaWaMwanjelwa

UpepoWaRuaha umenigusa. Wiki ya harusi alianguka kwenye kipaimara cha... hapana, ngoja, alianguka siku ya kuchukua suti na Jumapili tena kanisani. Sikuwahi kuunganisha.

#9 MkulimaWaViazi

Dada angalia dawa kwanza jamani. Mke wangu alipewa topirameti, ndani ya mwezi mmoja akawa anatafuta maneno kama mtu anatafuta sarafu kwenye pochi. Anasema "lete ule mti wa kufagilia". Tukarudi hospitali, daktari akampunguza taratibu akambadilishia, maneno yakarudi. Kichwa chake hakuna aliyekigusa. Na fenobabitoni nayo inalaza akili, waliokunywa wanajua.

Huyo mdogo wako saa hizi anameza nini?

#10 DadaWaMwanjelwa

Levetirasetamu na topirameti. Topirameti aliongezewa alivyorudi toka India, kama mwezi wa 2 hivi baada ya upasuaji.

#11 MkulimaWaViazi

Si ndo hiyo!!!

#12 NesiNjombe

Taratibu mkulima, inaweza kuwa sehemu yake, ila harusi ya 2019 topirameti haiwezi kuifuta. Na tafadhali, yeyote anayesoma hapa, MSIACHE DAWA KWA SABABU YA UZI WA MTANDAONI. Aliyepasuliwa bado anameza dawa, mara nyingi mwaka mpaka miaka miwili au zaidi, na zikikatwa ghafla mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuamka katikati, na hiyo inaua. Anayepunguza ni daktari.

#13 MtotoWaTukuyu

Naomba nitoke nje kidogo. Hivi hiki kifafa kwanini kiko kingi huku kwetu? Kijijini kwetu nahesabu kaya 3 jirani. Watu wanasema ni kitimoto.

#14 TabibuMstaafu

Nimefanya kazi Mbozi miaka mingi, hapa naweza kusema.

Kitimoto ni kweli na sio kweli. Ukila nyama ya nguruwe yenye vile vimbegu vyeupe kama mchele na haijaiva, unapata tegu TUMBONI. Huyo tegu hakuangushi. Hatari ni mayai yake, yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakiingia mdomoni kwa mkono mchafu, maji au mboga mbichi yanatoboka yanasafiri mpaka kwenye ubongo, yanajenga vifuko, miaka ikipita mtu anaanza kuanguka. Kwa hiyo hata ambaye hajawahi kuonja nguruwe, Muislamu safi, Msabato safi, anapata kutoka kwa jirani asiye na choo. Nguruwe wanaozurura na choo kisichokuwepo ndo ugonjwa wenyewe.

Zipo na sababu nyingine, malaria ya kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ajali. Na usubi, wale inzi weusi wa mtoni wanaoeneza minyoo ya upofu, Tukuyu kwenu kuna mito yao, na Mahenge huko Ulanga ndo kunajulikana zaidi. Daktari mmoja mama Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge miaka ya 60 mwanzoni, akaandika kuhusu watoto wanaoangusha kichwa kama wanasinzia. Uhusiano wa usubi na kifafa bado unachunguzwa mpaka leo.

Sasa narudi kwa fundi. Dada, alipokuwa mdogo aliwahi kupata degedege? Ya muda mrefu?

#15 DadaWaMwanjelwa

Shikamoo tabibu. Ndiyo. Alikuwa Kyela kwa bibi, miaka 2 kasoro, homa kali. Mama anasema alijikaza kuanzia mwadhini mpaka jua limetoka, wakamfukizia kinyesi cha tembo kwanza, ndo baadaye wakapata baiskeli ya kumpeleka zahanati.

#16 TabibuMstaafu

Marahaba mwanangu. Basi hapo kuna jambo. Degedege la muda mrefu namna hiyo linaweza kuacha kovu kwenye hiyo hipokampasi, linakaa kimya miaka, halafu mtoto akifika darasa la nne la tano anaanza kuanguka. Mimi sijaona picha zake, lakini kama ndo hivyo, kovu lina umri wa miaka 27 na upasuaji una miezi 14. Kumbukumbu ya upande huo ilianza kuumia kabla hajajua kuongea vizuri.

#17 MwalimuMufindi

Tabibu shikamoo. Ila tukisema kovu lilikuwepo toka zamani, basi kwa alivyosema Nesi hapo #6, kutoa kovu kusingemshusha sana. Na dada anasema kashuka. Hizi hoja mbili zinagongana.

#18 TabibuMstaafu

Zinagongana kweli mwalimu. Ndo maana karatasi za vipimo zinatakiwa.

#19 BajajiKabwe

Kwanza mwalimu ahsante kwa kunirekebisha. Halafu swali langu la ukweli kabisa, kwani mnapasua wakati dawa zipo? Si waendelee kumeza tu.

#20 NesiNjombe

Kaka, wewe abiria akikwambia Mafiati unampeleka Soweto, soma uzi toka mwanzo basi 😄. Dawa zote 4 zilishindwa.

Kwa wagonjwa wote, kama theluthi moja dawa haziwashiki. Ukishajaribu dawa 2 zilizochaguliwa vizuri kwa dozi inayotosha zikashindwa, uwezekano wa ya tatu kumaliza tatizo ni mdogo. Kuna utafiti wa Canada wa 2001, wagonjwa 80 wa kifafa cha sehemu hiyo hiyo ya fundi, 40 wakapangiwa upasuaji, 40 dawa tu. Baada ya mwaka, wa upasuaji 58 kati ya 100 hawakuwa tena na ile mishituko ya kupoteza fahamu, wa dawa 8 kati ya 100. Kwenye kundi la dawa kuna mmoja alikufa ndani ya huo mwaka. Kuanguka nako kunaua, watu wanasahau.

#21 BajajiKabwe

Soweto na Mafiati ni barabara moja nesi 😂 nimekusoma lakini.

#22 MamaPacha_Igawilo

Samahanini, hiyo inafanyika India tu? Mwanangu miaka 9 haachi kuanguka.

#23 NesiNjombe

Mama pole. Anza na kliniki ya rufaa, apigwe picha ya MRI na kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, sio kila kifafa kinapasulika, lazima kionekane kinaanzia sehemu moja. Afrika Mashariki hata Mbale Uganda wameshafanya upasuaji wa sehemu hiyo. Na watoto ubongo wao unajipanga upya kuliko wa mtu mzima, kazi za upande mmoja zinaweza kuhamia mwingine.

#24 UpepoWaRuaha

Hapo kwenye kuhama, kuna kipimo nilielezwa, cha daktari mmoja mwenye asili ya Japani, Juhn Wada. Wanachoma dawa kwenye mshipa wa damu, nusu ya ubongo inalala dakika chache, wanakuonesha vitu na kukuuliza, wajue nusu iliyobaki macho inaweza kuongea na kukumbuka peke yake. Niliogopa hata kusikia. Siku hizi sehemu nyingi wanatumia picha ya MRI ukiwa unaongea humo ndani.

#25 DadaAnjela_Tunduma

Nisiposema nitalala vibaya. Shemeji yangu alipasuliwa UPANDE WA KULIA, miaka mitatu sasa, majina yote anayo. Lakini alibadilika. Alikuwa mtu wa kukaa ndani, kila mtu anamlinda, haendi kisimani peke yake, haruhusiwi kuwasha jiko. Alivyopona tu kesho yake wanamwambia oa, jenga, tafuta kazi, mbona wenzako. Akaanza kukaa kimya, hali, hasikilizi mtu akiongea, na ukimuuliza jana tumesema nini hajui. Tukasema upasuaji umemuharibu. Kumbe ni sonona, alivyotibiwa hiyo kumbukumbu ikarudi kwa sehemu kubwa, maana mtu asiyesikiliza atakumbuka nini.

Dada, mdogo wako analala? Anacheka?

#26 DadaWaMwanjelwa

Nimechelewa kujibu sababu hilo swali lilinifanya nikakae naye. Analala kidogo. Kucheka anacheka na watoto tu.

Na nimepata faili. Lilikuwa chini ya godoro la mama kwenye mfuko wa rambo. Kabla ya upasuaji walimsomea maneno 15, baada ya nusu saa akakumbuka 11. Alivyorudishwa kupimwa baada ya miezi 6 akakumbuka 5. Picha ya MRI wameandika hipokampasi ya kushoto imesinyaa, kovu.

#27 NesiNjombe

11 ni nzuri, mtu wa kawaida kabisa anapata hapo hapo. Kwa hiyo alikuwa na cha kupoteza. Pole dada yangu.

#28 MkulimaWaViazi

Hicho kipimo cha pili kilikuwa mwezi wa 6 baada ya upasuaji. Topirameti alianza mwezi wa 2. Mnapima kisu au mnapima kidonge?

#29 TabibuMstaafu

Na kovu liko kwenye picha kama nilivyohisi, lakini 11 inasema kovu lilikuwa bado linafanya kazi, au upande wa kulia ulishabeba kazi. Mkulima hoja yako ina uzito, dada mwambie daktari ampime tena dawa ikishapunguzwa, kama itapunguzwa.

#30 MzeeWaMakambako

Nesi marahaba. Nimewasoma wote. Mimi kakangu aliangukia mtoni 1988 akafa maji, tulisema amevutwa. Nimekaa nafikiria hilo povu mlilolisema, kwamba watu waliogopa kumgusa. Sisi pia tulikuwa pale ukingoni. Sina zaidi.

#31 NesiNjombe

Pole sana baba.

#32 DadaWaMwanjelwa

Pole sana mzee.

Wakuu jana nilimsomea mdogo wangu uzi wote, mpaka usiku. Ameomba aandike mwenyewe, nimempa simu.

Mimi ndo fundi. Dada anaandika vizuri mimi sio sana. Nilitaka kusema hiyo ya kutafuta neno sio kwamba sijui kitu, kitu nakiona, nakishika, nakijua kinafanya nini, ni kama kifungo kimeshonwa tundu halipo. Wateja nimeanza daftari, naandika jina, kitambaa rangi gani, siku ya kuchukua, na nachora mshono wenyewe pembeni, nikiuona mchoro nakumbuka na mtu. Sio wote. Yule mama wa kitenge nilimchorea blauzi yake na sasa namjua. Kuhusu kwamba ilikuwa sawa au sio sawa kupasuliwa nasikia mnabishana na mama yangu analia. Siku ya kusaini karatasi mimi siikumbuki. Dada anasema nilisaini mwenyewe nikacheka. Namwamini. Lakini kuanguka nakukumbuka, ile harufu kama ya nywele kuungua inakuja kwanza halafu najua sekunde chache zijazo sio zangu. Sasa nakaa kwenye kiti mpaka jioni sisikii hiyo harufu. Juzi nimewasha pasi ya mkaa mwenyewe. Mama alisimama mlangoni muda wote na ndoo ya maji.

#33 UpepoWaRuaha

Fundi, hiyo harufu mimi yangu ni ya mafuta ya taa. Nimesoma mara mbili hapo.

#34 MwalimuMufindi

Fundi hongera kwa daftari, wataalamu wa kumbukumbu wanafundisha hivyo hivyo, mchoro unapitia njia nyingine. Endelea nalo.

#35 DadaWaMwanjelwa

Kliniki ni Alhamisi ijayo. Nimeandika maswali, la topirameti, la usingizi, la kurudia maneno 15. Mama naye amesema anakuja. Nikirudi nitawaambia walichosema.

#36 BajajiKabwe

Fundi nina suruali ya kupunguza kiuno, nikija kesho utanichora nini mimi?

#37 DadaWaMwanjelwa

Anasema njoo na bajaji, ataichora hiyo.